Ng'ombe wa Issuna waandikwe kwa majina mawili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kumwambia mwenye duka, lakini sasa unamhusu mfugaji zaidi. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na tangu hapo ng'ombe, mbuzi na kondoo wanachanjwa, wanavishwa hereni na kuingizwa katika kumbukumbu za serikali. Ni kazi ya lazima. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 35, inayozidiwa na Ethiopia peke yake barani Afrika, haiwezi kupigana na ndigana kali wala homa ya mapafu, wala kutafuta soko la nyama nje, kama haijui ng'ombe wake wako wapi. Zoezi lililotangulia, lile la hereni za kielektroniki zilizolipiwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe mmoja, lilisitishwa baada ya wafugaji na wabunge kulalamika, na mjadala wake ulikuwa zaidi wa bei. Swali la jina halikuulizwa. Ng'ombe akishavishwa hereni, daftari litasema ni wa nani?

Jibu linaonekana jepesi kwa sababu tumelizoea: ng'ombe ni wa baba. Nataka kulipinga jibu hilo nikiwa nimesimama mahali pamoja, Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi iliyo kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida. Ni nchi ya Wanyaturu, watu wa jembe na fimbo kwa pamoja, wenye majirani Wagogo, Wasukuma na Wabarabaig. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Miezi inayobaki ni ya vumbi, na mwenye ng'ombe huvumilia kwa miguu yake. Ninachodai ni kwamba mifugo ya kaya za mahali kama hapa iandikwe kwa majina ya mume na mke, na nitajaribu kuonyesha kwamba kuandika jina moja hakulindi mila, bali kunaifuta.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ndiyo shahidi asiyebishaniwa. Katika kaya ya wakulima-wafugaji wa Singida mwanamke huanza siku zizini. Ni yeye au binti yake anayekamua, anayejua jike lipi limepunguza maziwa na ndama yupi hakunyonya sawasawa. Ndama na mbuzi wagonjwa wanaobaki nyumbani ni wake kuwatunza. Ni yeye anayeamua maziwa yapi yanywewe, yapi yagandishwe kwenye kibuyu, yapi yatolewe samli. Baada ya hapo huenda shambani, kwenye uwele, mtama na alizeti, na samadi inayolipa nguvu shamba hilo hutoka katika zizi lile lile. Maji ya nyumbani na ya ndama ni juu yake, na wakati wa kiangazi mara nyingi hutoka katika visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka, ambako foleni huanza kabla jua halijatoka. Mwanamume naye hana siku nyepesi. Kuswaga kundi kutafuta majani Septemba, kulala macho kwa ajili ya fisi na wezi, kupeleka ng'ombe joshoni, kusimama mnadani kutwa nzima juani, yote hayo ni kazi ya kuvunja mgongo, na wavulana wadogo hulipia sehemu yake kwa siku za shule zinazopotea. Simpunguzii mwanamume jasho lake hata tone. Ninasema kwamba kundi linasimama juu ya majasho mawili, na jasho moja tu ndilo lina jina.

Kuna jambo zito zaidi ya ugawaji wa kazi za kila siku, nalo ni asili ya ng'ombe wenyewe. Mwanaanthropolojia wa Marekani Harold Schneider, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu wa kundi la Wahi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake 1970, alieleza uchumi wao kwa namna ambayo ingefaa kusomwa na kila ofisa mifugo wa Ikungi. Aliona kwamba nafaka na mifugo havikuwa mambo mawili yaliyokaa mbalimbali. Nafaka iliyozidi mahitaji ya nyumba ilibadilishwa kuwa mbuzi na kondoo, na hao, kidogo kidogo, wakawa ng'ombe. Ng'ombe walileta samadi, samadi ikaongeza nafaka, nafaka ikaleta ng'ombe wengine. Na nafaka hiyo ililimwa zaidi na nani? Na wanawake. Mwanamume mwenye wake wengi na samadi ya kutosha alitajirika kwa sababu mikono mingi ililima kwa ajili ya zizi lake. Kwa maneno mengine, ng'ombe aliyesimama uani alikuwa uwele wa miaka iliyopita uliobadilishwa umbo, na katika kubadilishwa umbo, mwenye mali naye alibadilika. Ulipokuwa ghalani ulikuwa wa mama. Ulipoingia zizini ukawa wa baba. Leo gunia la alizeti limechukua nafasi ya kapu la uwele, na fedha ya mnunuzi imechukua nafasi ya kubadilishana, lakini mzunguko ni ule ule: mavuno yakiwa mazuri, kaya hununua mtamba.

Mtu anayejua mila za ukanda huu atanizuia hapa, na ana haki ya kunizuia. Atasema kwamba ninaposema ng'ombe ni wa baba ninasema Kiswahili cha mjini. Ng'ombe si wa baba, ni wa nyumba, ni wa ukoo, ni wa watoto ambao hawajazaliwa. Wengine ni wa mahari ya binti aliyeolewa, ambao ndugu yake atawatumia kuolea. Wengine si wa boma hilo kabisa, wamekabidhiwa na rafiki ili wachungwe, mwenyewe akiwa amelitawanya kundi lake ili ugonjwa au ukame usilimalize kwa siku moja. Huo ndio ukweli, na ndiyo pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba umiliki wa mifugo katika jamii hizi ni fundo la haki nyingi. Lakini tazama inakotupeleka. Kama ng'ombe si wa baba peke yake, kwa nini aandikwe baba peke yake? Daftari la jina moja halina nafasi ya mahari ya dada, haki ya maziwa ya mama, wala ng'ombe wa kukabidhiwa. Linachukua fundo zima na kulikabidhi kwa mtu mmoja, ambaye kesho anaweza kusema mbele ya hakimu: wote ni wangu, tazama jina.

Na si dhana tu, tumeshaliona likitokea. Mwanahistoria na mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Wamasai wa Tanzania, ameonyesha jinsi haki za wanaume na wanawake juu ya mifugo zilivyokuwa zimeingiliana kabla ya ukoloni, mwanamke akiwa na sauti juu ya maziwa, ngozi na wanyama waliotengwa kwa ajili ya nyumba yake. Wakaja Waingereza na kodi. Mlipa kodi alikuwa mwanamume, mwenye boma alikuwa mwanamume, na aliyeitwa barazani kuulizwa idadi ya ng'ombe alikuwa mwanamume. Baada ya uhuru miradi ya kuendeleza ufugaji, ukiwemo ule mkubwa uliofadhiliwa na Marekani miaka ya 1970, ilipeleka mafunzo, majosho na madume ya mbegu kwa wanaume, kwa sababu vitabu vilisema wao ndio wafugaji. Kwa vizazi viwili au vitatu, kile karani alichoandika kwa kurahisisha kazi yake kikageuka kuwa kile tunachokiita leo mila ya tangu na tangu. Ninapolisoma hilo ninaogopa, kwa sababu karani wa mkoloni alikuwa na kitabu cha wino, nasi tuna hereni na kompyuta. Kosa letu litakaa muda mrefu zaidi.

Sheria inalifanya jambo hili kuwa zito kuliko linavyoonekana kwenye meza ya ofisa mtendaji wa kijiji. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema kwamba mali iliyopatikana ndoani kwa jina la mume au la mke itachukuliwa kuwa ni ya huyo aliyetajwa, mpaka mwenzake athibitishe vinginevyo. Ikiwa majina ni mawili, itachukuliwa kuwa haki zao ni sawa. Soma tena hapo. Jina katika kumbukumbu ndilo linaloamua nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Mwanamke wa Issuna ambaye ndoa imemshinda anatakiwa aende mahakamani akathibitishe kwamba mtamba wa miaka 12 iliyopita alinunuliwa kwa alizeti aliyoipalilia yeye, na hana risiti, hana shahidi asiye ndugu wa mume, wala mtamba wenyewe hayupo tena, amebaki mjukuu wake zizini. Ni kweli kwamba mahakama zetu zimempa msaada. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango halali katika mali iliyochumwa kwa pamoja, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakutoka na nyongeza, kwa kuwa alichokwisha kupewa na mumewe kilihesabiwa kuwa fungu lake. Uamuzi ule ni nguzo. Lakini nguzo iko mahakamani, na wanawake walio wengi hawafiki huko.

Kwa mjane hali ni ngumu zaidi. Tamko la Sheria za Mila la 1963, lililoandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba na kutumika katika wilaya nyingi, linamnyima mjane fungu la urithi maadamu marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kumwachia tegemeo la kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga sheria hiyo. Mahakama Kuu ilikiri 2006 kwamba ni ya kibaguzi, lakini haikuitengua, na suala likafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo 2015 iliona kwamba Tanzania imevunja haki zao. Ninalitaja shauri hilo kwa sababu moja ya kivitendo. Kanuni za mirathi hugawa mali ya marehemu. Hazigawi mali ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya mtu aliye hai. Ng'ombe aliyeandikwa kwa majina mawili hawi wa marehemu mzima mzima, na shemeji anayekuja siku ya arobaini kuhesabu mifugo atakuta nusu ya kundi ina mwenyewe, naye amekaa hapo hapo uani.

Wako wanaosema kwamba mwanamke hakuachwa mikono mitupu, kwamba kila mmoja ana mnyama wake. Hoja hii ina uzito Singida kuliko mahali pengine popote nchini, kwa sababu kuku wa kienyeji wa mkoa huu husafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam, na kuku ni mali ya mama. Ada, sare na dawa zilizolipwa kwa kuku wale ni nyingi kuliko zilizolipwa kwa ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hauzwi kwa shida ndogo. Na mgawanyo wa namna hiyo hauko Issuna tu. Wasomali wa Wajir, Garissa na Mandera, kaskazini mwa Kenya, wana mpangilio unaofanana nao kwa kushangaza: vijana wa kiume huondoka na ngamia wasio na maziwa kwenda mbali kufuata mvua, wanawake hubaki na mbuzi, kondoo na ngamia wachache wanaokamuliwa. Nyumba yao, aqal, ya miti iliyopindwa na mikeka, hujengwa na mwanamke, hubomolewa na mwanamke na kupakiwa naye juu ya ngamia siku ya kuhama. Mtu akiitazama aqal hawezi kusema kwamba mwanamke wa Kisomali hana chake. Lakini ngamia, ambaye ndiye akiba, mahari, dia na heshima, hubaki mikononi mwa wanaume, hata pale ambapo sheria ya Kiislamu inampa binti fungu lake la urithi.

Yaliyotokea Isiolo yanafundisha zaidi. Huko wanawake wa Kisomali waliunda ushirika wa maziwa ya ngamia, Anolei, unaokusanya maziwa kutoka malishoni na kuyasafirisha kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Kitu kilichohesabiwa kuwa chakula cha nyumbani kimekuwa biashara, na wanawake ndio walioijenga, kwa sababu maziwa yalikuwa eneo lao tangu zamani. Ninawavulia kofia. Hata hivyo ushirika unategemea wanyama ambao wenye maamuzi juu yao ni wengine: wapi wapelekwe, lini wauzwe, jike gani litolewe mahari. Mwenye maziwa asiye na sauti juu ya mnyama hutegemea hiari ya mtu. Kuku wa Singida nao ni hivyo hivyo. Wanalisha nyumba, ila hawampi mwanamke nafasi pale panapoamuliwa makubwa, na mdondo ukipita mara moja banda lote hubaki manyoya. Kusema mama ana kuku wake ni kusema kweli, na ni kumgawia sehemu ndogo ya mali aliyosaidia kuichuma yote.

Tena mila zenyewe hazisemi kwa sauti moja, jambo ambalo watetezi wa jina moja hupenda kulipita haraka. Wabarabaig, majirani wa Wanyaturu ambao wengi huwaona kuwa wafugaji wagumu kupindukia, wana desturi ambayo George Klima aliieleza kwa kirefu miaka ya 1960. Binti anapoolewa huja na ng'ombe kutoka kwa baba yake, na mume haruhusiwi kuwatoa bila ridhaa ya mke. Mwanamume akivunja heshima ya mwanamke, wanawake wa ujirani huketi kama baraza, humhukumu na kumtoza faini ya ng'ombe, na wanaume hukubali. Wanyaturu wenyewe walikuwa na imaa, unyago uliokuwa na nguvu ya kutisha na ambao mwanamume hakuusogelea. Tena ni hao hao wanaomkumbuka Liti, mwanamke anayesimuliwa kwamba aliwapiga vita Wajerumani kwa msaada wa nyuki, ambaye leo uwanja mkubwa wa mpira wa Singida unaitwa kwa jina lake. Jamii yenye kumbukumbu za namna hiyo haiwezi kuambiwa kwamba jina la mwanamke katika daftari la ng'ombe ni kitu kilicholetwa na ndege kutoka Ulaya.

Wengine wanahofia ugomvi: majina mawili yatafanya kila uuzaji uwe mabishano, na mabishano yatavunja ndoa. Sidharau hofu hiyo. Kuuza ng'ombe kunahitaji wepesi wakati mwingine, bei ya mnada haimngojei mtu, na mume aliye njiani na kundi kuelekea bonde lenye majani hawezi kurudi kuomba saini. Lakini ugomvi upo tayari. Ni ule wa ng'ombe aliyetoka asubuhi akidaiwa kupelekwa joshoni, jioni akarudi mume peke yake. Majina mawili yanauleta ugomvi huo kabla ya mauzo, wakati bado kuna kitu cha kuzungumzia. Pia yanampa mume faida asiyoihesabu. Akiwa mbali miezi mitatu, mtoto akaugua au gari likagonga ng'ombe wake barabarani, mke ambaye jina lake limo kwenye kumbukumbu anaweza kuomba kibali, kudai fidia au kuuza mbuzi wawili, pasipo kungoja simu isiyopatikana. Kwa kaya inayogawanyika kila kiangazi, kuwa na mwenye mali mmoja tu ni hatari kwa mali yenyewe.

Kuhusu kaya za wake wengi, ugumu wake umekuzwa. Sheria ya Ndoa haimpi mke yeyote cheo juu ya mwenzake, na wafugaji wa ukanda huu walishajua siku nyingi kutenga mifugo kwa nyumba: hawa wanakamuliwa na mama fulani, na wanawe ndio watakaowarithi. Kila mzee anaweza kukuonyesha kwa fimbo ng'ombe wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo, huku wote wakilala zizi moja. Daftari liige fimbo hiyo. Wale wachache waliobaki wa mzee mwenyewe, na wale wa kukabidhiwa, waandikwe hivyo walivyo.

Pingamizi ya mwisho inatoka kwa wanaonikubali. Wanasema karatasi haibadilishi nguvu iliyo nyumbani, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilishampa mwanamke haki sawa ya ardhi, lakini bado anafukuzwa shambani. Ni kweli anafukuzwa. Ila tutazame pale sheria ile ilipofanya kazi. Imefanya kazi pale hati ya hakimiliki ya kimila ilipoandikwa mume na mke pamoja, na pale Baraza la Ardhi la Kijiji lilipokaa na wajumbe wake saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, kama sheria inavyoagiza. Haikufanya kazi pale ilipobaki tamko bila jina. Mifugo haina hata tamko. Hatuna kifungu kinachosema wazi kuhusu ng'ombe kama kile cha ardhi, na kwa mkulima-mfugaji wa Issuna ng'ombe ndiyo benki, ndiyo bima.

Hakuna sababu ya kusubiri Dodoma kwa yote. Wizara ya Mifugo na Uvuvi inaweza kutoa mwongozo mfupi kwamba nafasi ya mwenye mifugo ijazwe majina ya wanandoa wote, na anayetaka kuandika jina moja aeleze sababu mbele ya mwenzake. Kabla ya hapo Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao hukutana kila miezi mitatu, unaweza kuliweka suala hili kwenye ajenda na kukubaliana namna kumbukumbu za kijiji zitakavyoandikwa, wazee wakiwepo kusema ng'ombe yupi ni wa nyumba gani na akina mama wakiwepo kuwasahihisha. Kwa Issuna mkutano unaofaa ni ule wa baada ya mavuno, alizeti ikiwa imeuzwa na bado haijasahaulika mitamba wapya walinunuliwa kwa fedha ya shamba lipi. Ukisogezwa hadi Agosti, ng'ombe watakuwa wameshaondoka kufuata majani, na waume pamoja nao.